Mlango Uliobaki Ulikuwa wa Gari

Mimi si mtu wa kuonewa huruma. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitakayoyaandika hapa yanaweza kumfanya msomaji atikise kichwa, na mimi sikuzoea kutikisiwa kichwa. Shule niliiacha darasa la nne, kambini kule mkoa wa Kigoma, na sikurudi tena. Kiingereza nimekiokota ghalani nikiwa na boksi begani. Wengi wa wale tuliopanda nao ndege moja kuja Amerika mpaka leo wanabebwa kwenda kazini. Anayewabeba ni mimi. Gari langu ni refu, lina safu za viti mpaka nyuma kabisa, na hita yake ikiwaka hata aliyetoka kuoga hasikii baridi. Buffalo theluji ilipofika madirishani na wenye magari mazuri wakajifungia ndani, gari langu lilipita. Waulize watu wa kanisa letu.

Kwa hiyo nikisema kuna kitu nilishindwa kumpa mke wangu, usidhani ni kwa uvivu. Nilimpa vyote alivyotaja. Kilichonishinda ni kimoja, nacho ni kulala nyumbani kwake bila woga.

Mke wangu alikulia kambini kama mimi. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, na mlango wake ulikuwa kipande cha turubai. Zilipofika siku za kuhesabu watu, walinzi walifunua turubai bila kupiga hodi, wakamulika tochi waliolala. Mama mkwe wangu akawazoesha binti zake kulala wamevaa kamili, kitenge juu ya sketi, mafundo mawili. Nilipomwoa alikuwa bado analala vile. Nilikuwa namtania, "Mama, leo safari ni ya wapi?" Alikuwa ananijibu, "Wewe cheka tu. Wakija, mimi nitatoka na heshima yangu, wewe utatoka na shuka."

Louisville, jimbo la Kentucky, ndiko tulikofikia kwanza. Tulipewa mlango wa chuma wenye kitasa na komeo, na wiki ya kwanza mke wangu aliufunga na kuufungua bila sababu, kusikia tu sauti ya komeo likiingia mahali pake. Lakini meneja wa majengo alikuwa na ufunguo wake. Akitaka kuingia aliingia, na fundi nyuma yake. Sisi tulisimama, tukampa kiti. Tulijua mkubwa akija anaingia. Mke wangu akaendelea kulala na sketi yake.

Tulipohamia Columbus nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Nilipata kazi ya kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, kazi ambayo wengine wenye vyeti waliomba wakakosa. Tukapanga chumba cha chini katika nyumba moja karibu na chuo kikuu, na juu yetu alikaa kijana Mkenya aliyekuwa anasomea udaktari wa vitabu, si wa kutibu. Mwenye nyumba ile alikuwa na tabia ambayo sikuielewa. Akitaka kuja kuangalia mabomba alituma ujumbe kwenye simu jana yake. Nikamwuliza yule Mkenya, huyu mtu anatuogopa nini?

"Hakuogopi, mzee. Ni sheria ya Ohio. Lazima akupe notisi siku moja kabla."

"Nyumba si yake?"

"Ni yake."

"Sasa aombe ruhusa ya kuingia kwake kwa nani?"

"Kwako, mzee. Ukishapanga, hapa ni kwako."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, "Kijana, wewe soma vitabu vyako. Mimi nimeiona dunia." Lakini mke wangu, aliyekuwa anamenya viazi pale pale, hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Mwanangu," akamwuliza, "hata kama mtu amelala?"

"Hasa kama umelala, mama."

Jumamosi ile alikwenda dukani na binti zetu wawili, akarudi na gauni la kulalia. La njano, mikono mifupi, lina kola ndogo yenye ua. Lilikuwa la kwanza maishani mwake. Usiku alipolivaa alizima taa haraka, akawa anacheka peke yake gizani kama msichana. Nakumbuka kile kicheko kuliko harusi yetu. Huko Columbus mke wangu alilala, na mchana alikuwa mtu mwingine. Aliimba. Aligombana na mimi kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Buffalo, jimbo la New York, nilikwenda kwa akili yangu mwenyewe, hakuna aliyenishauri. Nilisikia watu wetu wamejaa kule, Warundi na Wakongo, na viwanda viko mbali, na hakuna wa kuwapeleka. Nikanunua gari. Nikapata nyumba Riverside, mtaa wa nyumba za mbao zilizobanana, barabara yake ikishuka kuelekea mto Niagara. Sisi tulikaa chini, juu palikuwa patupu. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwembamba wa kizungu, kofia haimtoki kichwani, mcheshi. Tulipeana mikono, basi. Hakuna mkataba wa karatasi. Kanisani nilisimama nikasema: wengine wanajaza makaratasi miezi, mimi nimepata nyumba kwa mkono na jicho. Watu walipiga makofi.

Mke wangu alipata kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi asubuhi, akaoga, akavaa gauni lake la njano, akalala mpaka watoto warudi kutoka shule.

Sasa hapa lazima nieleze jambo letu moja, kwa maana bila hilo mtu ataniona mjinga. Kwetu mtu hali chakula amefunga mlango. Kambini, aliyeshusha turubai wakati wa kula alisemwa mtaa mzima. Mchoyo huyo, au ana kitu kibaya anachokificha kwenye sufuria. Anayepita wakati wa chakula anaitwa, ananawa, anakula. Na akishakula, kile chakula hakitajwi tena. Kumsimanga mtu kwa ulichomlisha ni aibu kuliko kumnyima. Mimi nililelewa hivyo, na nilipopata nyumba yangu Riverside niliendelea hivyo. Saa ya chakula mlango wangu wa mbele ulikuwa wazi, hata baridi iingie. Binti zangu walilalamika kwa Kiingereza kwamba wanaganda. Niliwajibu kwa Kiswahili kwamba wale haraka.

Mwenye nyumba alikuwa anatengeneza vyumba vya juu. Siku moja alipita nikamwita. Alikula maharage na ndizi za kupika, akaongeza, akapiga picha sahani kwa simu yake, kisha akapiga picha nyingine mimi na yeye, mkono wangu begani kwake. Jumapili iliyofuata alikuja tena. Nilimwambia, kwa Kiingereza changu, na kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Hapa kwako. Njoo wakati wowote." Mzungu mwenye nyumba anakula mezani kwangu kisamvu na ugali wa muhogo! Wangapi waliweza hivyo? Nilizionyesha zile picha ndani ya gari, simu ikapita kiti kwa kiti.

Mke wangu alimpakulia, ila hakukaa mezani. "Baba watoto," aliniambia baadaye, "yule mtu hapigi hodi."

"Mlango uko wazi, apige hodi wapi?"

"Sisemi ukiwa wazi."

Sikumwuliza anasema nini. Alinieleza siku nyingine, nilipotoka kuwashusha watu wa asubuhi nikamkuta amekaa jikoni na koti lake la theluji juu ya gauni, viatu miguuni. Alikuwa amelala. Akaamka tu, bila kelele yoyote, kama mtu anavyoamka akiangaliwa. Mwenye nyumba alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, ufunguo mkononi. Alisema anaangalia dirisha. Aliangalia dirisha kwa muda, akatabasamu, akaondoka.

Nilikwenda kumwona. Nilikwenda kiungwana, na chupa ya soda mkononi. Nikamwambia, ndugu yangu, mama analala mchana, ukitaka kuingia nipigie simu. Alinipiga bega. "Rafiki," akasema, "sisi si familia?" Nikarudi nyumbani nikijua nimeyamaliza. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu: yule nimeshamweka sawa.

Baada ya pale mwenye nyumba alizidi. Alikuja akafungua makabati. Alikuja akapiga picha sufuria zetu, akasema harufu ya chakula inaingia kwenye kuta, chakula kile kile alichokuwa anakiongeza. Hita ilizimwa siku za baridi kali, ikawashwa, ikazimwa. Tukaja kujua kutoka kwa jirani kwamba anataka kuiuza nyumba, na mnunuzi anaitaka tupu. Angesema hivyo ningeelewa. Mimi mfanyabiashara. Lakini hakusema. Alichofanya ni kuingia tu. Na alijua saa ya kuingia: gari langu likiwa halipo na mke wangu amelala.

Gauni la njano likarudi kwenye sanduku. Mke wangu akaanza tena kulala na sketi, na kitenge, mafundo mawili. Aliacha kuimba, na kugombana na mimi pia aliacha.

Nilinunua komeo kubwa la chuma. Nililifunga mwenyewe kwa ndani, mimi ambaye naweza kufungua injini na kuirudisha, na lilikaa barabara. Nikamwambia mke wangu, lala. Alilala siku chache kweli. Kisha mwenye nyumba akaja, akasukuma, akakuta komeo, akazunguka akapita mlango wa nyuma, wa ngazi ya kushuka chini ya nyumba, na mchana kweupe akang'oa komeo lile na skrubu zake, akaliweka juu ya meza yetu ya kulia. Alituacha na matundu manne kwenye mbao. Siku chache baadaye ikaja karatasi ya mahakama. Mpangaji amemzuia mwenye nyumba kuingia kwenye mali yake. Tuondoke.

Kuna ofisi ya mawakili wa bure. Nilikwenda kwa shingo upande, maana vya bure si kawaida yangu. Wakili alikuwa mwanamke kijana mwenye kikohozi. Alitusikiliza vizuri. Alisema bila mkataba wa karatasi mwenye nyumba anaweza kututoa kwa taarifa ya mwezi mmoja, hilo hatulishindi. Lakini kumwingilia mtu amelala, kuzima hita, kung'oa komeo, huo ni usumbufu, na jaji akituamini anaweza kumkataza mtu yule asiingie tena bila taarifa, na kutupa muda wa kutafuta pengine. Akamgeukia mke wangu. "Unataka nini hasa, mama?"

"Nataka abaki nje ya chumba changu," mke wangu akasema. "Mimi nilale ndani."

Mahakamani mkalimani hakuwapo, alikuwa kwenye simu iliyowekwa mezani. Mkongo, kwa sauti yake, mtu wa Kivu, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa. Mke wangu alisimama akaeleza. Alieleza kwa sauti ya chini habari ya dirisha, na kuamka, na ufunguo mkononi. Jaji aliandika. Nilimwona jaji anaandika na nikaona tumeshinda.

Kisha mwenye nyumba akatoa simu yake. Zile picha. Mimi na yeye, mkono wangu begani kwake. Yeye na sahani. Yeye na kijiko. Yeye anacheka na binti zangu. Sijui alikuwa nazo ngapi, zilikuwa kama za harusi. Akasema hawa watu wananialika kila wakati, ni desturi yao, wanakasirika nisipoingia. Mlango wao uko wazi hata baridi. Leo wamegeuka kwa sababu nauza.

Jaji akanigeukia. Simu mezani ikasema, "Bon, papa, jaji anauliza hivi: wewe ulimwambia huyu mutu akuje wakati wowote?"

Wakili alinitazama. Mke wangu hakunitazama.

Mimi nilijua swali lile linataka nini. Sikuwa mjinga. Lakini ningesema nini mbele za watu? Kwamba nilimlisha mtu na moyoni simtaki? Kwamba chakula changu kilikuwa cha kuhesabiwa? Nikasema ndiyo. Nikaeleza kwamba kwangu hakuna mtu anayefungiwa mlango wakati wa kula, kwamba hata adui yangu akipita atanawa mikono, kwamba mimi nimelisha watu wengi katika mji huu.

"Papa," simu ikanong'ona, "donc, jibu tu ndiyo ao hapana."

"Mwambie ndiyo. Lakini mwambie na sababu."

Sijui alimwambia nini. Jaji aliandika neno moja tu. Wakili akajaribu: kualikwa mezani si kualikwa chumbani, kualikwa mchana mume akiwapo si kualikwa mke akiwa peke yake usingizini. Alisema vizuri sana yule binti, na kikohozi chake. Jaji akasema anaelewa, ila haoni wazi kwamba mtu huyu aliambiwa asiingie na akaingia kwa ubaya. Tukapewa mpaka mwisho wa mwezi tuwe tumehama. Hakuna katazo lolote lililoandikwa.

Kwenye ngazi za mahakama mwenye nyumba alinipa mkono. Nikaupokea. Ndivyo nilivyo, siwezi kuuacha mkono wa mtu hewani. Mke wangu alikuwa ameshafika kwenye gari.

"Ungesema hapana," akaniambia nilipoingia. Hakupandisha sauti.

"Ningesema uongo?"

"Basi umesema kweli. Twende."

Asubuhi iliyofuata alirudi kutoka kazini, nami nilikuwa ndio nimerudi na gari. Hakuingia ndani. Alifungua mlango wa pembeni wa gari, akapanda, akalala kwenye kiti cha nyuma kabisa na koti lake, kitenge usoni. Akabofya kitufe, milango yote ikajifunga. Nilibaki barabarani na ufunguo mfukoni. Gari lile ndilo mlango pekee ambao mwenye nyumba hakuwa na ufunguo wake. Kwa siku zilizobaki alilala mle. Majirani waliona. Watu wa kanisa walipita wakaona. Mimi nilikuwa nawasha hita kabla hajafika, nikaweka na blanketi. Hakuna mwanamke Buffalo aliyelala kwenye gari lenye joto kama lile, hilo nalijua.

Tukarudi Louisville. Ilikuwa akili yangu pia: dada yake yuko kule, na sheria ya kule, nilishaulizia, inadai taarifa ya siku mbili. Safari hii nilitaka mkataba wa karatasi, nikasaini kila ukurasa. Mke wangu akapata tena kazi ya usiku ya kutunza wazee. Ni nyumba za kupanga za matofali Highview, nyuma ya maduka. Saa ya kula mlango naufunga sasa. Jirani zetu ni Wakongo, nao wananisema, nasikia.

Mwezi wetu wa pili pale tulikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Binti yangu mkubwa alituambia inachosema. Watu wa majengo wataingia kukagua kengele za moshi, siku fulani, kati ya asubuhi na jioni. Imeandikwa vizuri, ina sahihi. Nikamwambia mke wangu, umeona? Hii ndiyo sheria yenyewe. Wameomba.

Aliishika ile karatasi. "Wameomba," akasema, "au wametuambia?"

Nilimwita binti yangu aisome tena. Aliisoma. Hakukuwa na mahali pa kujibu.

Siku ile walikuja wanaume wawili, wapole, wamevaa vifuniko vya viatu wasichafue zulia. Walibisha hodi, wakangoja kidogo, wakafungua kwa ufunguo wao. Hawakuvunja kitu. Walikuwa ndani muda mfupi tu. Lakini mke wangu hakuwamo. Alikuwa ameshatoka na blanketi tangu alipotoka kazini, na hata walipoondoka hakurudi. Kesho yake hakukuwa na karatasi yoyote mlangoni, na bado akaenda kwenye gari. Na kesho kutwa.

Huwa nasikia watu wakisema yako mashirika, yako masemina, mpangaji ajue haki zake. Mimi nazijua. Najua Ohio ni siku moja, Kentucky siku mbili, New York wanasema taarifa ya kutosha. Naweza kumfundisha mtu. Mke wangu naye anazijua zote. Anazijua, na halali ndani.

Gari haliwezi kubeba watu na kumlaza mtu kwa wakati mmoja, kwa hiyo abiria wa mchana nimewaachia wengine. Nawabeba wa alfajiri na wa jioni tu. Kanisani nasema gari linapumzishwa injini. Gauni la njano liko kwenye sanduku, binti yangu mdogo aliliomba akaambiwa aliache.

Mchana namtolea chai. Ufunguo wa gari ninao, naweza kufungua nikitaka, gari ni langu na mke ni wangu. Siku ya kwanza nilifungua. Aliruka akajigonga kichwa kwenye kioo, akanitazama kana kwamba hanijui. Tangu siku ile nasimama nje na kikombe, nagonga kioo kwa ukucha, polepole, nangoja. Akitaka anafungua. Siku nyingine hafungui, chai inapoa mkononi mwangu, na mimi narudi ndani.